Darubini kwa Mwenye Mfuko Mwepesi

Neno darubini tumelipata kwa Waajemi. Kwao dur ni mbali na bin ni kuona, nalo likatufikia kwa njia ya bahari pamoja na nanga na bandari. Kwa hiyo sisi watu wa pwani chombo hiki si kigeni kwetu. Kigeni ni bei yake na hila za wanaokiuza, na hayo ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo, msomaji wangu.

Nilikuwa Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay, mahali alipozikwa Tom Mboya mwaka 1969. Unakiingia kwa daraja kutoka Mbita. Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu aliyepita miaka sabini, na nyumba yake iko kwenye mteremko unaotazama magharibi, kuelekea visiwa vya Takawiri na Mfangano. Wanawe wawili huvua omena usiku kwa taa. Kila alfajiri mzee huyu hukaa barazani akitazama mashua zinazorudi, na asiyejua maana ya kukaa hivyo na amuulize mama yeyote wa Lamu au Vanga ambaye mume yuko baharini.

Jamaa yake mmoja alimletea darubini kutoka mjini. Ilikuwa inang'aa, lenzi zake nyekundu kama komamanga, na ubavuni imeandikwa 30x60. Maalim aliiweka machoni kila asubuhi kwa mwezi mzima. "Sheikh," akaniambia, "mimi macho yangu yamekwisha. Naona ukungu unaocheza ngoma." Alikuwa amekwisha kukata tamaa, hata ndege wa ufukweni aliokuwa akiwafundisha watoto majina yao hakuwatazama tena.

Nikampa yangu, 8x30 kuukuu niliyoinunua mkononi mwa mtu miaka mingi iliyopita. Akazungusha gurudumu la katikati, akanyamaza. Kisha akasema, "Ile yenye kiraka cha buluu kwenye tanga ni yetu." Mimi kwa macho matupu niliona vidoa vitatu tu juu ya maji.

Basi macho ya Maalim hayakuwa yamekwisha. (Hata hivyo nilimsihi aende akapimwe, kwani umri ni umri.) Kilichomdanganya ni tarakimu.

Tarakimu hizo zina maana nyepesi. Ya kwanza ni mara ngapi kitu kinakuzwa. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Mnunuzi mgeni hudhani kubwa ndiyo bora, na muuzaji anajua hivyo. Lakini chombo kinapokuza kitu mara 30, hukuza na mtetemo wa mkono mara 30. Mkono wa binadamu, hata wa kijana, hauwezi kuituliza darubini ya namna hiyo bila ya kiguzo. Mara 8 yatosha kwa ndege, mashua na mpira wa uwanjani. Mara 10 ni mpaka wa mtu mwenye mkono mtulivu. Na mara nyingi tarakimu zile kubwa si za kweli hata kidogo, zimepigwa chapa tu.

Sasa gawa ya pili kwa ya kwanza. 8x42 inatoa 5 na kitu: huo ndio upana, kwa milimita, wa duara la nuru linaloingia jichoni. 10x25, ile ndogo ya mfukoni, inatoa 2 na nusu. Mchana itakufaa, magharibi itakuacha gizani. Mboni ya kijana hufunguka usiku kufikia kama milimita 7, yetu sisi wazee kama 5. Ndiyo maana 7x50 ya mabaharia ni nzuri sana, lakini kwa mzee sehemu ya nuru yake hupotea bure na uzito wake unabaki shingoni. Kama ningeulizwa moja tu ya kununua, ningesema 8x42, au 8x32 kwa asiyetaka mzigo.

Kuna maumbo mawili. Moja lina mirija iliyonyooka, jembamba, la kupendeza. Jingine lina mabega mapana, mirija imepinda kama kiwiko. Hili la mabega lilitokana na Mtaliano Ignazio Porro, aliyebuni mwaka 1854 mpango wa vipande vya kioo vinavyoigeuza taswira isionekane juu chini. Kampuni ya Zeiss ya Jena ikaanza kuuza darubini za namna hiyo mwaka 1894. Mirija iliyonyooka hudai ufundi mkubwa zaidi, na ufundi ni fedha. Kwa bei ndogo, basi, chukua yenye mabega. Kwa fedha za mbuzi mmoja mnono utapata ya haki, na iliyotumika ikatunzwa itakugharimu hata pungufu.

Dukani usione haya. Itikise, ikilia, irudishe. Ishike mbali na uso uielekeze mbinguni, si kwenye jua, utazame vile viduara viwili vya nuru: viwe mviringo na vyeupe, visiwe na pembe zilizokatwa kwa kivuli. Kisha toka nje utazame ukingo wa paa au ncha ya mnara. Ukiona mbili, au kichwa kikianza kuvuta baada ya dakika mbili, mirija haikulingana, na hakuna fundi wa mtaani atakayeilinganisha. Mwenye miwani akunje vile vikombe vya mpira. Lenzi nyekundu ziache. Zile za kuongeza na kupunguza ukuzaji, za bei ndogo, ziache pia.

Wenzangu wataniuliza juu ya mwezi mwandamo. Hukumu yake nawaachia maulamaa. Nitasema tu kwamba usielekeze darubini upande wa magharibi mpaka jua liwe limezama lote, kwa maana jua ndani ya lenzi hupofusha kwa nukta moja. Na ukitaka starehe ya usiku, iegemeze ukutani uitazame Sumbula au nyota nyingine yoyote, kisha uigeuzie sayari ya Mshtarii. Utaona vinukta pembeni mwake: ni miezi yake mikubwa, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610.

Mchana, Rusinga ina mengi. Minandi huanika mbawa juu ya miamba, yangeyange hutembea majini kama makarani, na mdiria wa madoa meusi na meupe husimama hewani akipiga mbawa kabla ya kujitupa.

Yangu niliiacha kwa Maalim. Nilimuonya asiifute kwa upindo wa shati: kwanza apulize vumbi, kisha kitambaa laini cha pamba. Na asiifungie kabatini, kwani unyevu wa ziwa, kama wa bahari yetu, huotesha ukungu ndani ya kioo, na huo haufutiki.