Akademia ya Düsseldorf Inapofungua Karakana Zake

Kila mwaka, kwa kawaida mwanzoni mwa Februari, muhula wa majira ya baridi unapoelekea ukingoni, Akademia ya Sanaa ya Düsseldorf, mji ulio kando ya mto Rhein magharibi mwa Ujerumani, huwafungulia watu wote karakana zake kwa siku chache bila kiingilio. Shughuli hiyo huitwa Rundgang, yaani mzunguko, na maelfu ya wakazi, wazazi wa wanafunzi na wanunuzi wa sanaa hupita chumba baada ya chumba wakitazama kazi ambazo bado hazijaamuliwa na wakati wala soko kama zitakumbukwa. Hapo ndipo ilipo thamani yake, kwani makumbusho humwonyesha mtazamaji kile kilichokwisha kuchaguliwa, ilhali karakana humwonyesha sanaa ingali inatafutwa.

Akademia ilianzishwa mwaka 1773, na jengo lake la sasa lilikamilika mwaka 1879, baada ya makao ya awali, yaliyokuwa katika kasri la mji, kuungua mwaka 1872. Vyumba vina dari za juu na madirisha mapana, kwa sababu wachoraji wa Ulaya hupendelea karakana inayotazama kaskazini, upande usiopigwa na jua moja kwa moja, ili mwanga usigeugeuke na kuwapotosha katika kuchagua rangi.

Mgeni ataelewa zaidi anachokiona akijua maana ya darasa katika chuo hiki. Darasa ni kundi la wanafunzi wa miaka mbalimbali waliokusanyika chini ya profesa mmoja, ambaye mwenyewe ni msanii anayeendelea na kazi zake, na mafundisho hufanyika hasa kwa kuijadili kazi ya kila mmoja mbele ya wenzake. Mfano ulio wazi ni darasa la upigaji picha alilolianzisha Bernd Becher mwaka 1976. Yeye na mkewe, Hilla, walipiga picha za minara ya maji na matanuru ya kuyeyushia chuma, kila moja ikitazamwa kwa mbele chini ya anga la mawingu, kisha wakazipanga kwa safu ili tofauti ndogo zionekane. Wanafunzi walirithi uvumilivu huo, lakini kila mmoja akashika njia yake: Candida Höfer akageukia kumbi za maktaba, Thomas Ruff nyuso zilizokuzwa mno, Thomas Struth mitaa na watazamaji wa makumbusho, na Andreas Gursky mandhari pana za rangi. Picha ya Gursky ya mto Rhein iliuzwa New York mwaka 2011 kwa zaidi ya dola milioni 4.3. Bei hiyo hutajwa mno, ingawa sifa kubwa zaidi ya darasa hilo ni kwamba hakuna kati ya hao wanne aliyegeuka kuwa nakala ya mwalimu wake.

Suala la nani aruhusiwe kusoma hapa limewahi kuleta mgogoro mzito. Joseph Beuys, profesa wa uchongaji tangu mwaka 1961, alipinga kuwakataa waombaji, na mwaka 1972 akafukuzwa kazi baada ya kuikalia ofisi ya chuo pamoja na waliokataliwa; mwaka 1978 mahakama ya kazi iliamua kwamba kufukuzwa huko hakukuwa halali.

Mtazamaji asiende mbio, hata kama vyumba ni vingi. Akisimama ubavuni mwa turubai, yaani kitambaa kilichowambwa kwa ajili ya kuchorea, huona kwenye ukingo matone ya rangi za awali zilizofunikwa baadaye, na pengine mstari wa makaa wa mkono uliokusudiwa kunyooka ambao sasa umekunjwa. Kwenye sanamu ya plasta huona waya wa kiunzi mahali plasta ilipopasuka. Mara nyingi mwenye kazi huwa karibu, naye hupenda kuulizwa. Swali la maana ya kazi humbana, kwa kuwa pengine bado anaitafuta mwenyewe, lakini akiulizwa alianzia wapi na alikwangua nini, hueleza kwa kirefu, huku akionyesha kwa kidole.