Unabeba Nini?

Hiyo swali nimeulizwa mob kushinda "niaje". Niko kwa ile panda ya kutoka Sirisia kwenda Namwela, huku Bungoma, gia zimeisha, ulimi iko nje, jasho inanitoka ka mse ameiba kuku na kijiji nzima iko nyuma yake. Chini ya muembe kuka mmoja, yaani babu, amekaa na fimbo yake, anacheki nyuma ya baike, pale karia inafaa kuwa. Hakuna karia.

"Mulembe, mwana. Unabeba nini?"

"Mulembe, kuka. Sibebi kitu."

Anacheki mlima. Ananicheki. Anacheki mlima tena. "Sasa unapanda kufanya nini?"

Wasee, nilikosa jibu. Huku kwetu baiskeli ni punda yenye haikuli nyasi. Inabeba maziwa, mahindi, makaa, miwa, mgonjwa, na siku mbaya inabeba jeneza. Boda boda yenyewe ilizaliwa hapa chini tu, Busia na Malaba, miaka ya 1960 na 1970, morio wa baiskeli akikuvusha kutoka posti ya Kenya mpaka ya Uganda huku akiita "boda! boda!" Nduthi zilikuja baadaye zikarithi jina na wateja. Sasa mse akimwaga ngiri kadhaa kwa baike, aipandishe mlima mikono mitupu na arudi mikono mitupu, kwa kuka ni ka amenunua ng'ombe ya gredi na hataki kuikamua.

Nikakaa hapo kiasi, juu hata pumzi ilikuwa imekataa. Kumbe kuka ni mse wa baiskeli kunishinda. Mwaka wa 1975 baridi iliua kahawa Brazil, bei ya dunia ikapanda ka moshi, na Uganda ya Amin mkulima alikuwa analipwa pesa ya kumtusi. Kahawa ikaanza kuvuka mpaka usiku ikilenga Chepkube, hapa tu upande wa Lwakhakha. 1976 na 1977 hiyo soko ilikuwa imewaka. Kuka alikuwa kijana na alikuwa na mamba, ile baiskeli nyeusi ya chuma tupu, breki za rodi, gunia imefungwa nyuma na mpira. "Rodi ikikatika," anasema, "unaweka kisigino kwa tairi ya mbele, halafu unaongea na Wele, Mungu wetu." Akanionyesha kisigino. Alama iko.

Enyewe hii ndio kitu inanimaliza. Mwaka huo huo wa 1976, mwezi wa 10, huko Marin County, California, kulikuwa na mbogi ya vijana wenye nywele ndefu walikuwa wanapeleka mabaike nzee, nzito, za breki ya kukanyaga nyuma, juu ya mlima karibu na Fairfax, halafu wanashindana kushuka. Breki ilikuwa inachemka mpaka grisi inatoka moshi. Ukifika chini unafungua hab unaijaza upya, ndio hiyo njia ikaitwa Repack. Joe Breeze, Gary Fisher, Charlie Kelly walikuwa hapo. 1977 Breeze akaunda fremu ya kwanza ya kazi hiyo, na biashara yote ya baike za mlima ikatokea huko. Wale walikuwa wanashuka juu ya raha, kuka alikuwa anashuka juu ya ganji, na wote breki zinaungua. Tofauti ni hakuna mtu alimpiga kuka picha.

Basi wacha nibonge vile nilipata yangu, juu ya kwanza nilibebwa ufala.

Niliingia duka moja ya mjini, jina siitaji, nikaona chuma mpya inang'aa: shoksi mbele, shoksi kubwa katikati, stika za rangi ya moto. Ilikuwa inakaa ka nduthi. Ngiri 14. Nikaipeleka Sirisia nikijiskia sonko. Siku ya kwanza kupanda nikajua nimenunua kitanda ya spring. Kila ukikanyaga pedali, nguvu yako inaishia kwa kunesa, mlima hausongi. Baike yenyewe ilikuwa nzito ka mamba na haina nguvu ya mamba. Wiki ya tatu pedali ilitoka na nyuzi za kranki, nikarudi home nikisukuma, watoi wakiniimbia. Kuna shoksi za nyuma za maana, ndio, lakini hizo bei yake ni ya kununua fahali na ndama. Ukiona baike mpya ya shoksi mbili kwa bei ya mbuzi watatu, hepa. Tafuta ya shoksi moja tu, ya mbele, nyuma iwe chuma imara.

Ya pili niliangukia mitumba, zile zinaitwa eks-UK, Kitale. Hapo sasa nilienda na akili. Cheki fremu kwa shingo na chini kwa ekseli ya pedali, mahali imechomelewa, ka kuna ufa mwembamba wenye umefunikwa na rangi. Inua gurudumu uizungushe: ikicheza ka mlevi, rimu imepinda. Shika breki ya mbele uisukume mbele na nyuma: ukiskia "tok tok", beringi za shingo zimeenda. Shika kranki uivute kando, isisonge. Cheki miguu ya shoksi: ka imeota kutu, hiyo itakunywa oili na itakufa, hata muuzaji akiapa kwa mamake. Halafu simama katikati ya baike, fremu isikuguse mahali pabaya, ibaki nafasi ya vidole kadhaa. Hii ya size wasee wanaipuuza sana, mtu mrefu ananunua ya mtoi juu ni poa kwa macho, magoti inakuja kumdai baadaye.

Sasa kuna mabishano ya gurudumu. Siku hizi dunia imehamia inchi 29, na ni ukweli, hiyo kubwa inapita juu ya mawe ka haijayaona. Lakini mimi naishi Sirisia, siishi kwa jarida. Tairi ikipasuka Jumamosi jioni, fundi mwenye anakaa kwa boksi kando ya soko ana tyubu ya 26 na ya mamba, basi. Nikachukua 26, na sijutii. Wakati ya 29 itakuwa inaning'inia kwa kibanda ka chapo, nitahama.

Breki ndio nilibishana na fundi mpaka karibu tukosane. Zile za kufinya rimu ni rahisi, lakini matope yetu nyekundu inajaza hapo, inasaga rimu ka jiwe la kusagia. Diski iko mbali na matope. Kuna diski za mafuta, tamu sana, kidole moja na umesimama, lakini hewa ikiingia huko ndani nani atakutolea hapa? Nilichukua diski ya waya. Waya ikikatika, napata ingine soko ya Chwele, dakika kumi niko barabarani. Gia usihesabu ni ngapi, hesabu meno: mbele unataka kadogo, ka meno 22 au 24, nyuma ka kubwa, 32 kwenda juu. Hiyo ndio itakupandisha Namwela ukiwa umekaa. Zingine zote ni za kupigia luku kwa lami.

Halafu upepo. Fundi alizoea tairi za kubeba gunia mbili, atapiga pampu mpaka tairi iwe jiwe. Ukienda hivyo kwa kokoto utaruka ka popkoni. Mimi natoa hewa mpaka kidole gumba kinazama kidogo. "Utapata pancha, mwana," fundi ananiambia kila wiki. Na kila mara nikipata pancha, hata ka ni mwiba wa ua, anacheka ka ameshinda kesi. Beba tyubu, solushen na pampu. Kule juu hakuna mtu wa kukuokoa.

Tukipanda sasa. Nachomoka Sirisia asubuhi kabla jua liamke, kwa zile njia za kati ya kahawa na migomba, unavuka vijito, madaraja ya mbao mbili. Desemba mpaka Februari ndio dunia: vumbi, lakini njia imeshika. Machi mvua ikifungua, wacha baike kwa ukuta. Udongo wetu ukilowa unajikunja kwa tairi mpaka inakuwa mandazi, gurudumu inakataa kuzunguka, na unaharibia watu njia zao pia. Hizo njia zina wenyewe. Kuna mayi na mtungi kichwani, kuna ng'ombe, kuna watoi wa shule. Unapiga kengele, unapunguza, unasalimia. Na ikifika Agosti ya mwaka wenye unagawanyika na mbili, 2022, 2024, hapo unajua cheo yako. Vijana wanaoenda kutahiriwa wanakuja wakikimbia na chinyimba, zile kengele zao, mkononi, mbogi nzima nyuma inaimba, wanaalika wajomba. Unashuka kwa baike, unaingia kwa mahindi, unangoja. Hata nduthi zinangoja.

Ukifika juu, geuka. Chini yote ni Bungoma imelala, upande wa kulia ni Uganda, nyuma yako ni Elgon, mita 4,321, kawaida imejifunika blanketi ya mawingu. Beshte yangu mmoja wa Bungoma taoni huniuliza ka nataka kuwa Froome. Zii. Froome alizaliwa Nairobi, David Kinjah akamfunza kupanda vilima vya Kikuyu, akaenda kushinda Tour de France mara nne. Kinjah mwenyewe bado yuko na vijana wake wa Safari Simbaz. Hiyo ni kazi ya watu serious. Mimi nataka ule mteremko tu.

Na mteremko manze! Unasimama kwa pedali, zote mbili usawa, matako nyuma ya siti, kidole moja kila breki. Macho mbali. Jiwe ukilikazia macho utaligonga, ni ka limekuita. Breki unashika kabla ya kona, ukiwa ndani ya kona umechelewa. Kuna mahali moja chini ya Namwela njia inazama katikati ya ua mbili, giza, mizizi tatu, halafu inafunguka ghafla kwa uwanja wa majani. Hapo mimi hupiga nduru. Kila wiki. Watu wa hapo wamezoea, wanajua saa kwa hiyo nduru.

Jumapili moja nilisimama kwa boma ya kukhu mmoja, yaani nyanya, kuomba maji. Akaniuliza ile swali ya kila mtu. Nikamwambia sibebi kitu, kukhu. Akaninyamazia, akaingia jikoni, nikajua ameenda kuleta kikombe. Akatoka na engokho, jogoo mwekundu, miguu imefungwa na ukambaa wa mgomba. Eti mgeni hatoki kwake mikono mitupu, na mamangu lazima asalimiwe. Nikakataa mara tatu vile inafaa, nikashindwa mara ya nne. Akaingiza jogoo kwa begi yangu, akaacha kichwa nje.

Nikashuka nayo. Mizizi tatu, jogoo akapiga nduru kabla yangu. Nilishuka pole kushinda siku zote, nikiskia moyo wake unagonga mgongo wangu. Chini ya muembe kuka alikuwa hapo hapo.

"Mulembe. Unabeba nini?"

"Kuku, kuka."

Akasimama, akakuja kucheki begi, akashika jogoo kishungi. Halafu akainama kwa gurudumu ya mbele, akagusa diski na kidole, akakitoa haraka juu ilikuwa moto.

"Na breki inashika?"