Ndugu Zetu Walioko Shelisheli

Leo twataka kusema juu ya vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi katika visiwa vya Shelisheli. Wako walimu, wako mafundi, wako wa mahoteli. Kabla ya kusafiri huja kwetu wachungaji kuomba barua ya ushuhuda na maombi. Hayo mawili ni mema, lakini yafaa pia wajue maisha ya huko yalivyo, na wazazi wao wajue.

Shelisheli ni visiwa 115 katika Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 1,500 mashariki ya pwani yetu. Watu wengi sana hukaa Mahé, kisiwa chenye mji mkuu, Victoria. Urefu wa kisiwa hicho ni kama kilomita 27 tu, na mlima wake mkubwa, Morne Seychellois, wapanda mita 905 karibu kabisa na bahari. Mtu aliyezoea kupanda basi Nakuru na kusafiri siku nzima huona ajabu, kwa maana kwa muda mfupi barabara imekwisha na mbele ni maji. Wiki ya kwanza hufurahi. Mwezi wa tatu moyo humbana. Asidhani amerogwa, wala asidhani imani yake imepungua. Ni udogo wa kisiwa, nao huzoeleka.

Joto ni kama la Mombasa. Mvua nyingi hunyesha Desemba na Januari, nguo hukataa kukauka, na viatu vya ngozi hushika ukungu kabatini. Chakula cha kila siku ni wali na samaki. Ndugu zetu wa pwani hawatasumbuka sana, maana watakuta mchuzi wa nazi, pweza, na lile tunda la mshelisheli ambalo sisi wenyewe twaliita kwa jina la visiwa hivyo. Anayesumbuka ni mtu wa bara anayeutafuta ugali na sukuma wiki. Heri ajifunze mapema kuchagua samaki pale sokoni Victoria.

Jambo la fedha ndilo zito. Mshahara ukigeuzwa kuwa shilingi zetu huonekana mkubwa. Lakini mchele, unga, nyama, sabuni, karibu kila kitu cha dukani kimeletwa kwa meli au kwa ndege, na bei yake imebeba safari hiyo. Kabla mwezi haujaisha, jamaa wamekwisha kumtajia kijana ada ya shule, mabati, na mchango wa harusi. Naye kwa kuogopa aibu hutuma zote, kisha hula biskuti na chai ya rangi chumbani peke yake. Nyumbani wanaiona picha yenye minazi na bahari, wanasema, "Mwenzetu amefika mbinguni!" Wazazi, mwulizeni amekula nini, kabla ya kumwuliza ametuma nini.

Tena kibali cha kazi huombwa na mwajiri, kwa ajili ya kazi ile ile. Mtu hawezi kuiacha leo na kuingia nyingine kesho kama afanyavyo Nairobi. Kwa hiyo mkataba usomwe kabla ya kutia sahihi: nani atalipa nyumba, nani atalipa tiketi ya kurudi, na miezi ni mingapi.

Sasa tuseme habari ya moyo. Wako wanaokaa huko miaka miwili na sanduku halijafunguliwa. Huhesabu siku, hawajui jina la jirani, na Krioli hawajifunzi, kwa kuwa Kiingereza chatosha kazini. Lakini kituoni na dukani watu huongea Krioli, na anayesema "bonzour" hutazamwa kwa jicho jingine. Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babeli, katika sura ya 29, wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee amani mji ule. Tena hakuwadanganya kwamba watarudi upesi.

Visiwa hivyo vimewaona wahamishwa wengi. Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro, waliokamatwa mwaka 1899, walipelekwa huko, na Mwanga akafia huko mwaka 1903. Prempeh, mfalme wa Waasante, alifikishwa huko mwaka 1900 na Waingereza, akakaa hata mwaka 1924. Hao walipelekwa kwa nguvu, na vijana wetu huenda kwa tiketi, hatusemi ni mamoja. Lakini Prempeh, akiwa mtu mzima aliyepoteza kiti chake, alijifunza kusoma na kuandika, akahakikisha watoto wamekwenda shule, akaingia Kanisa la Anglikana.

Na wako Waafrika waliofika kabla yake. Baada ya mwaka 1861 manowari za Uingereza ziliteremsha huko watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Mwaka 1876 CMS, wale wale wa Frere Town yetu ya Mombasa, walianza shule ya watoto wao huko Sans Souci, mlimani juu ya Victoria, ikaitwa Venn's Town. Ilifungwa mwaka 1889, lakini magofu yake yapo. Kijana wa Kenya akipata Jumamosi ya mapumziko, apande mlima akayaone. Wenyeji wengi anaofanya nao kazi ni wajukuu wa watu wa bara hili.

Wakristo wengi kule ni Wakatoliki. Waanglikana ni wachache, wana dayosisi yao, pamoja na Morisi na Madagaska katika Jimbo la Bahari ya Hindi, na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo liko Victoria. Nyimbo zaweza kuwa ngeni, lakini utaratibu wa ibada ni ndugu wa ule wa Kitabu chetu cha Sala. Utajua wakati wa kupiga magoti. Aende Jumapili ya kwanza, asingoje mpaka apate upweke.

Nanyi mlio nyumbani, mkipiga simu, kumbukeni kwamba saa yao imetangulia yetu kwa saa moja. Saa nne ya usiku hapa, kwake ni saa tano, na alfajiri anangojewa kazini.