Kilichoandikwa Kwenye Kifungio cha Bagia

Ukitaka kujua mtu wa Goba kalelewa wapi, mwangalie anavyoagiza kifungua kinywa Jumamosi. Yupo anayetaka vitumbua vilivyoungua kidogo pembeni, yupo anayevikataa vikishapata rangi. Mimi ni mtu wa bagia, tena za kunde zilizokaa vizuri na pilipili. Za dengu nawaachia wenye meno ya kujivunia. Wanaochovya bagia kwenye chai ya maziwa sigombani nao. Wana wazazi wao, waulizwe hao.

Lakini nusu ya utamu upo kwenye karatasi. Watu wa rika langu tulisoma maajabu mengi kwenye vifungio kabla ya simu kuingia mfukoni. Unamaliza kutafuna, unakunjua: huku bei ya kahawa ya Kagera, huku tangazo la mnada uliokwisha zamani, huku mchezaji wa Simba ambaye mafuta yamemla uso, jezi ikabaki. Mateso yalikuwa hadithi za Eric Shigongo, zilizotoka kipande kwa kipande kwenye magazeti ya udaku na kukatwa pale pale unapojiuliza kama mtu atapona. Wewe umeangukia sehemu ya katikati. Mwanzo wake ulifungia maandazi ya mtu mwingine, na mwisho wake labda uliwashia jiko. Katuni za gazeti la Sani nazo ndiyo hivyo hivyo: Ndumilakuwili keshajiingiza kwenye balaa, na namna atakavyotoka imechanika.

Karanga zilikuwa na maktaba yake. Zilifungwa kwenye kurasa za daftari, na hapo ulikutana na mtoto wa watu usiyemjua, kapigwa mikasi mitupu ya wino mwekundu kwenye hesabu za magazijuto. Unatafuna huku ukimkagulia. Wakati mwingine unaona aliyekosea ni mwalimu.

Siku hizi vipande hivyo vimehamia kwenye simu, na sisemi kwamba vimepungua uhondo. Mwaka 2021 Kili Paul, kijana wa Kimaasai kutoka Lugoba, mkoani Pwani, alianza kutamba mtandaoni yeye na dada yake Neema, wakifuatisha nyimbo za filamu za Kihindi kwa midomo, wamevaa lubega. Februari 2022 Ubalozi wa India hapa Dar es Salaam ukampa heshima, na mwezi huo huo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao kwenye kipindi chake cha redio. Wageni walishangaa sana. Mzee yeyote aliyewahi kupanga foleni ya filamu ya Kihindi pale sinema ya Avalon hakuwa na la kushangaa, labda hiyo redio tu.

Au chukua singeli. Muziki uliokulia kwenye vigodoro vya uswahilini, unaokimbia kama umeibiwa, ulirekodiwa kwenye studio ya Sisso pale Mburahati, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikautoa kwenye mkusanyiko wa Sounds of Sisso. Wazungu wakaanza kuurukia kwenye matamasha yao. Kutoka Goba mpaka Mburahati ni safari ya daladala tu, lakini wapo majirani zangu wa nyumba za geti waliokuja kuusikiliza kwa makini baada ya kuuona simuni ukichezwa Ulaya. Kabla ya hapo, ulipopita na bajaji, walifunga madirisha.

Lawama yangu kwa simu ni moja. Inakusoma. Tazama video moja ya fundi anayekaanga chipsi mayai kwa mkono mmoja, kesho utaletewa mafundi wa chipsi mpaka wa Mwanza. Kifungio hakikujua unapenda nini. Kilikupa bei ya kahawa hata kama shamba huna, ukaisoma kwa sababu vidole vina mafuta na hakuna kingine cha kusoma. Nina hakika ipo elimu fulani kichwani mwangu, hasa ya mbolea na ya tarehe za minada, ambayo singeitafuta kwa hiari maisha yangu yote.

Magazeti yenyewe yanaadimika, maana wasomaji wamehamia simuni, kwa hiyo wauzaji wa vitafunwa wamegeukia karatasi za maofisini zilizochapwa upande mmoja. Wataalamu wa afya hawapendi wino uguse chakula, na wana haki. Ila juzi bagia zangu zilikuja ndani ya ukurasa wa pili wa bajeti ya kamati ya harusi: ukumbi umelipwa, keki imelipwa nusu, na mbele ya neno MC kuna alama ya kuuliza iliyozungushiwa duara mara mbili. Ukurasa wa kwanza, wenye majina na ahadi za wachangiaji, bila shaka ulikwenda na vitumbua vya mtu mwingine hapa hapa mtaani, na huyo sasa anajua nani hajamalizia mchango.