Madume Wengi Mzingani: Dalili ya Malkia Mbovu

Katika nchi kavu za Ukambani, Mbeere na Baringo, mzinga wa nyuki ni mali kama mbuzi. Lakini mara nyingi mwenye mzinga huona nyuki wake wakipungua mwezi hata mwezi, naye hulaumu kiangazi. Yafaa kwanza atazame masega ya majana, kwa maana huenda shida ni ya malkia.

Malkia ndiye mama wa mzinga mzima. Yai lililopata mbegu ya dume hutoa nyuki wa kazi au malkia. Yai lisilopata mbegu hutoa dume. Madume hawakusanyi asali, wala hawana mwiba wa kulinda mzinga. Wachache si kitu, hasa wakati wa maua. Lakini wakiwa wao tu wazaliwao, mzinga huo utakufa.

Majana ya nyuki wa kazi huwa na vifuniko vilivyo karibu sawa na uso wa sega. Vifuniko vya majana ya madume hutuna. Mfugaji akiona vilivyotuna vimetapakaa kila mahali, na achungulie mayai. Likiwamo yai moja moja katikati ya kitako cha tundu, malkia yupo, ila amezeeka au hakupata dume. Yakiwamo mayai mawili matatu katika tundu moja, mengine yamebandikwa ubavuni, yaelekea malkia hayupo tena, na nyuki wa kazi ndio watagao.

Malkia mbovu hana budi kuuawa. Kisha nyuki wapewe sega lenye mayai na majana machanga kutoka mzinga wenye afya, nao watajilelea malkia mwingine. Huyo hutoka tunduni siku 16 hivi tangu yai kutagwa, tena huhitaji wiki moja au mbili kabla ya kuanza kutaga. Siku hizo mzinga usisumbuliwe.

Nyuki wa kazi watagao ni wagumu zaidi, kwani aghalabu humwua malkia mgeni. Wapewe sega la majana yasiyofunikwa kila wiki, kwa muda wa wiki tatu hivi. Harufu ya majana hayo huzuia utagaji wao, hata waanze kumjengea malkia tundu. Wakiwa wachache mno, afadhali waunganishwe na mzinga wenye nguvu.

Kazi hiyo ni vigumu katika mzinga wa gogo, kwa kuwa masega yameshikamana na mti. Mzinga wa viunzi huruhusu kila sega kuinuliwa bila kuvunjwa.

Hata hivyo, mwenye gogo aweza kujikinga. Wakati wa kurina asiwachome nyuki kwa moto, wala asikate masega ya majana. Huko ndiko malkia akaako. Anayeyakata leo hupunguza nyuki ambao wangemletea asali ya msimu ujao.