Samaki wa wakati wa baridi, na buba inayotupwa mtoni

Wandugu wa koperative, kuanzia mwezi wa sita kazi ya shamba inapunguka. Mahindi yamekwisha kuvunwa, na watu wengi wanashuka mtoni kutafuta mboga ya kula na bukari. Mwenye ndoano anakaa tangu asubuhi, baridi inamuuma, anarudi na samaki wawili wadogo. Ndipo mtu mmoja anasema: tuponde buba, tutapata kitunga kizima. Hapo ndipo hasara inaanza, na katika wakati huu wa baridi ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri.

Kwanza, juu ya nini samaki hawashiki ndoano? Mwili wa samaki hauna joto lake mwenyewe, unafuata joto la mayi. Tilapia anapenda mayi ya digri 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 anakula kidogo, na chini ya 16 karibu anaacha kabisa. Kolwezi iko juu, karibu metre 1.400, na usiku wa mwezi wa saba tunaujua wote. Basi samaki wako, lakini wamelala kwenye kina na hawana njaa.

Kuna samaki anayependa baridi, anaitwa trauti (kwa Kifaransa, truite). Kule Kenya alipandwa mwaka wa 1905 katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, kwa mayai yaliyotoka Scotland. Anaishi pale juu ya urefu wa mlima: mayi ni ya baridi mwaka mzima. Yeye anataka digri 10 hadi 16, na ikipita 25 anaweza kufa. Kwetu baridi ni ya miezi michache tu. Mtu akikuletea vifaranga vya trauti vya kupanda kwenye kisima chako hapa Mashamba, chunga feza yako.

Lakini namna watu wanavyomvua trauti inafaa tuijue. Wengine hawatumii mnyoo. Wanachukua ndoano ndogo, wanafunga uzi na manyoya ya shingo ya jogoo mpaka ifanane na mdudu wa mtoni. Na huko Ulaya na Marekani, katika baridi kali, hata trauti anakuwa mvivu. Kwa hiyo hawaendi alfajiri. Wanangoja saa sita, saa saba, jua likishapasha mayi kidogo. Wanashusha ndoano mpaka karibu na chini, wanaiacha ipite polepole. Kwetu ni vile vile: kwenda mtoni saa kumi na moja ya asubuhi katika mwezi wa saba ni kujitesa bure. Enda kati ya saa sita na saa tisa, tafuta kina penye jua, tumia ndoano ndogo na kitu kidogo cha kuivuta chini.

Wale wavuvi, mbele ya kufunga manyoya, wanageuza mawe ya mtoni ili waone ni mdudu gani yuko. Jaribu siku moja. Chini ya jiwe utaona vidudu vyenye mikia miwili ao mitatu, na vingine vilivyojijengea nyumba ya mchanga. Hiyo ni gala ya chakula cha samaki wadogo wengi.

Sasa turudi kwa buba, ule mti mdogo wa maua meupe ao ya zambarau, wenye maganda ya manyoya. Majani yake yana sumu inayoitwa rotenoni. Samaki anashindwa kupumua, anapanda juu. Wakubwa tunawaokota, vifaranga vinakwenda na mayi, na vile vidudu vya chini ya mawe vinakufa pia. Jua na joto vinavunja sumu hiyo. Katika mayi ya baridi inakaa muda mrefu zaidi, tena mayi ni machache, sumu haipati mahali pa kupungukia nguvu. Na wale tilapia wakubwa waliookotwa mwezi wa nane ndio wangetaga mayi yakianza kupata joto, mwezi wa tisa na wa kumi. Sheria pia inakataza kuvua kwa sumu.

Neno moja juu ya migodi. Musonoi na Luilu zimepokea mayi ya migodi miaka mingi. Ukigeuza mawe kumi usikute hata mdudu mmoja, usivue pale, wala usimwagilie mboga. Kuwako kwa wadudu hakuhakikishi kwamba mayi ni safi, lakini kukosekana kwao ni alama mbaya.

Buba yenyewe ni mali, na mahali pake ni shamba. Ni ya jamii ya maharagwe, inarudishia udongo nguvu. Majani mabichi yaliyopondwa, yakilowekwa usiku mzima, yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo, yanapigwa juu ya mboga kufukuza wadudu. Piga jioni, juu ya ile sababu ya jua. Ndoo na pompi zisisafishwe mtoni: mayi ya kusuuzia yamwagwe shambani. Mwenye kutaka kuipanda aiweke kwenye mipaka ya shamba la juu, mbali na mto na kisima cha samaki, mvua zikianza.