Milima ya Chyulu: Moto wa Jana, Maji ya Leo



Juma moja la kiangazi, mifereji ya mtaani kwetu ilikuwa imekauka siku kadhaa, na mikokoteni ya mitungi ikipita vichochoroni tangu alfajiri. Mtoto mmoja katika darasa letu la madrasa akatuuliza: "Maalim, maji ya mfereji yatoka wapi?" Tulimpa jibu lililokuwa karibu na ulimi, kwamba yatoka mbinguni, ni mvua aiteremshayo Mwenyezi Mungu. Mtoto akatafakari kidogo, kisha akasema: "Mbona juzi mvua ilinyesha usiku kucha na mfereji haukutoa kitu?"

Wenzake walicheka. Sisi tulinyamaza, kwa kuwa jibu letu lilikuwa la kweli lakini halikuwa kamili. Mvua inayotulowesha hapa pwani siyo inayojaza mifereji yetu. Sehemu ya maji hayo huanza safari yake mbali na bahari, juu ya safu ya milima ya volkano ambayo wengi wetu tumeipita mara nyingi bila kuijua. Safu hiyo ni Chyulu, na makala haya ndiyo jibu ambalo mtoto yule alistahiki kupewa siku ile.

Mahali ilipo safu hii

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, awe ndani ya basi au ndani ya garimoshi, akishapita Mtito Andei na autazame upande wake wa kushoto. Ataona mgongo mrefu wa vilima vya kijani vilivyofuatana kama shanga, ambao aghalabu asubuhi huwa umejifunika ukungu. Huo ndio Chyulu. Umenyooka takriban kilomita 100 kutoka kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki, baina ya uwanda wa Amboseli na mbuga ya Tsavo Magharibi. Kilele chake kirefu zaidi kinakaribia mita 2,200 juu ya usawa wa bahari.

Mashariki ya safu wanaishi Wakamba wa Makueni, na magharibi yake ni malisho ya Wamaasai wa Kajiado. Ncha yake ya kusini inaelekea Taita Taveta. Sehemu ya milima hii ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1983.

Mamia ya vilima, kila kimoja na moto wake

Tunapotaja volkano, fikra zetu huenda kwa Kilimanjaro, jabali moja kuu lililojengwa tabaka juu ya tabaka kwa mamia ya maelfu ya miaka. Chyulu ni jamii nyingine. Ni mamia ya vilima vidogo vidogo, na kila kilima kilikuwa mlango wa moto kwa wakati wake. Mawe yaliyoyeyuka kutoka vina vya ardhi, ambayo wataalamu huyaita zaha, yalipata ufa yakapanda juu. Yaliporuka hewani yalipoa na kuanguka kama majivu na changarawe nyeusi, yakarundikana kuzunguka tundu hadi yakawa kilima chenye kasoko kileleni. Kisha njia ile ikaziba na moto haukurudi tena hapo. Mlipuko uliofuata ulitafuta tundu jingine.

Kazi hiyo ilianzia kaskazini yapata miaka milioni 1.4 iliyopita, ikawa inasogea polepole kuelekea kusini-mashariki. Kwa hiyo anayeitembea safu kutoka kaskazini hadi kusini hutembea pia katika umri wake. Kaskazini vilima vimelainika na kuvaa udongo mzito. Kusini kuna mawe meusi makavu, yenye ncha kali, ambayo mti haujapata pa kushika mizizi.

Je, milima hii imekufa? Jibu lataka uangalifu. Kila kilima kwa nafsi yake kimekufa, kwani kililipuka kikamaliza. Ama safu nzima, wataalamu husema imelala, kwa kuwa moto wake wa mwisho ni wa karibu mno kwa hesabu ya ardhi, ambayo miaka elfu kwake ni kama jana.

Zaha iliyotiririka badala ya kuruka ilifanya ajabu nyingine. Ngozi yake ya juu ilipoa na kuwa jiwe, ilhali ndani bado ilikuwa ikikimbia kama uji wa moto. Ulipokwisha ule uji, likabaki pango refu mfano wa bomba. Pango moja la Chyulu, lililopewa jina Leviathan, limepimwa likapatikana kuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 11.

Jina la Shetani

Katika ncha ya kusini, karibu na lango la Tsavo Magharibi liitwalo Chyulu, barabara ya kwenda Amboseli hukata katikati ya bahari ya mawe meusi. Mawe hayo yameenea takriban kilomita 8, na watu wamepaita mahali hapo Shetani. Yasimuliwa kwamba wenyeji walioona ardhi ikipasuka na moto ukitiririka walidhani Iblisi mwenyewe ametoka chini, na baadaye wengine wakasema husikia vilio kutoka mawe yale.

Volkano ya Shetani na jirani yake Chainu huhesabiwa kuwa zililipuka kwa mara ya mwisho katikati ya miaka ya 1850. Wakati huo Sayyid Said alikuwa akitawala Mombasa kutoka Unguja, na wazee wa wazee wetu walikuwa wakiswali katika misikiti ile ile ya Mji wa Kale tunayoswali leo.

Hatuwacheki waliolitunga jina hilo. Mtu aliyeona jiwe likitiririka kama maji ana udhuru wa kutishika. Lakini tusiwarithishe watoto hofu bila maarifa. Moto ule una sababu zake, kama mvua ilivyo na sababu zake, na vyote viwili viko chini ya amri ya Muumba mmoja. Na ukweli ni wa ajabu kuliko kisa, kwani jiwe lililoitwa la Shetani ni ndugu wa mawe yanayotunywesha maji.

Milima isiyo na mito

Anayepanda Chyulu hushangaa kuona kwamba mvua hunyesha, nyasi ni za kijani, na vileleni kuna msitu mnene unaotona umande, lakini hakuna mto hata mmoja wa kudumu juu yake. Wafugaji na wakulima wanaoishi chini ya safu huweza kuyatazama mawingu yakipasuka vileleni, nao wenyewe wakabaki na punda wao njiani wakitafuta maji.

Siri imo katika jiwe. Zaha ilipokuwa ikipoa, hewa iliyokuwa ndani yake ilitoka na kuacha vitundu visivyohesabika, mfano wa mkate wa mofa uliokatwa. Majivu yaliyo baina ya tabaka za mawe ni mepesi na yana nafasi nyingi. Kwa hiyo mvua haikimbii juu ya ardhi, huzama. Msitu nao husaidia kwa namna mbili: majani yake hunasa ukungu na kuudondosha chini tone baada ya tone, na mizizi yake hulegeza udongo ili maji yapate njia.

Maji hushuka hivyo, yakichujwa kila hatua, hadi yakute mwamba mgumu wa kale ulio chini ya volkano zote, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Mwamba huo hauna vitundu. Maji yakishindwa kuupenya hugeuka na kuufuata mteremko wake gizani. Mengine hutokea upande wa Kibwezi, na mengi hutokea kusini, kama kilomita 50 kutoka yalikoanguka, katika Chemchemi za Mzima. Hukadiriwa kwamba tone moja laweza kukaa chini ya ardhi miaka 25 kabla ya kuliona jua tena.

Tuzingatie hesabu hiyo. Kijana wa miaka 25 anayefungua mfereji leo huenda anakunywa mvua iliyonyesha mwaka aliozaliwa.

Kutoka Mzima hadi mfereji wako

Mzima ni madimbwi ya maji maangavu katikati ya nchi kame. Viboko na mamba huishi humo, samaki huonekana kama walio ndani ya gilasi, na mitende imesimama kandokando. Zaidi ya lita milioni 200 hububujika hapo kila siku. Katika miaka ya 1950 lilijengwa bomba la zaidi ya kilomita 200 kutoka Mzima hadi Mombasa. Maji huteremka ndani yake kwa uzito wake mwenyewe, yakipita Voi na Mariakani hadi matangi ya Mazeras. Bomba hilo hubeba takriban lita milioni 35 kwa siku.

Maji yanayobaki nayo hayapotei. Huungana na mto Tsavo, na Tsavo hukutana na Athi yakawa Galana, ambao huku kwetu huitwa Sabaki na humwagika baharini kaskazini ya Malindi. Visima vya Baricho vilivyo kando ya Sabaki hulisha Malindi, Kilifi na Mombasa. Basi hata aliye mbali na bomba la Mzima huenda ana fungu lake kutoka Chyulu.

Wajibu wetu

Mji umekua mara nyingi tangu bomba lile lilipolazwa, na bomba la pili limezungumzwa kwa miaka mingi bila kujengwa. Hilo ni la serikali, na ni haki yetu kulidai. Lakini yapo yaliyo mikononi mwetu.

La kwanza ni msitu. Chyulu hushambuliwa na moto wa nyasi, ukataji wa miti na uchomaji wa makaa. Msitu ukiondoka, mvua itapiga ardhi tupu na kuteremka kwa mafuriko badala ya kuzama. Madhara yake hatutayaona mwaka huu wala ujao, kwani chini bado mna akiba ya miaka iliyopita. Watakaoyaona ni wana wetu. Kila familia inayonunua gunia la makaa na iulize yamechomwa wapi, na yenye uwezo wa kupunguza matumizi yake na ipunguze.

La pili ni jirani. Watu wa Taita Taveta wamelalamika kwa miaka mingi kwamba maji hutoka katika kaunti yao na kuwapita yakienda Mombasa, ilhali vijiji vyao vina kiu. Sisi tulio mwisho wa bomba hatupaswi kuwa wazito wa kusikia malalamiko hayo. Haki ya jirani haikomi kwenye ukuta wa nyumba.

La tatu ni nyumbani na msikitini. Mfereji unaovuja kwenye birika la udhu usiku kucha unamwaga kilichochujwa kwa robo karne. Sote tumefunzwa kuepuka israfu hata mtu akitawadha kando ya mto, sembuse sisi ambao mto wetu ni bomba.

Tulirudi darasani baada ya kuyasoma haya, tukamwambia mtoto yule: maji yako yalianguka juu ya Chyulu kabla hujazaliwa, na mvua ya usiku ule iliyoanguka huko itamfikia mwanao. Akafikiri kidogo, kama desturi yake, kisha akauliza: "Basi maalim, ni nani anayeulinda mlima?"

Swali hilo hatukumjibu kwa haraka. Tunalileta kwenu, kila nyumba ilizungumze baada ya chakula cha jioni. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kuhifadhi amana. Amin.